Maana ya Oxter

Apondi alifika ukumbini mtaani Langas vidole vikiwa vimekunjamana kwa maji. Tangu alfajiri alikuwa akifulia watu wa nyumba mbili za mtaa mwingine, na mgongo ulikuwa ukidai kitanda. Lakini alasiri hiyo klabu ya skrabo, mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa herufi, ilikuwa ikichagua timu ya kwenda mashindanoni Kitale. Nafasi ilibaki moja: yeye au Javan, mwanafunzi wa chuo, na mchezo mmoja kati yao ndio ungeamua.

Alikuwa ameingia klabuni kupitia mopu. Yeye ndiye aliyekuwa akiupiga deki ukumbi ule, na siku moja walipopungukiwa na mchezaji, Mwalimu Sifuna, mwenyekiti, alimwambia aketi. Shule aliiachia darasa la sita, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Ajabu ni kwamba yale maneno ambayo hata wasomi hawayatumii yalimkaa kichwani. Aliyarudia kimoyomoyo kila alipokamua shati. Qi, nguvu ya uhai kwa Wachina. Zax, kifaa cha fundi cha kukatia mawe ya kuezekea. Ai, mnyama mzito anayeshinda amening'inia mtini, hana haraka na mtu. Huyo Apondi alimwonea wivu.

Klabu ilikuwa na sheria yake. Vijana walikuwa wakikariri maneno kama kasuku, basi Sifuna akaamua kwamba ukiweka neno geni, mpinzani anaweza kukuuliza maana. Ukishindwa kumweleza, unaliondoa.

Mchezo ulipokaribia mwisho, Apondi alikuwa nyuma kwa alama ishirini na moja. Mfuko wa herufi ulikuwa mtupu, naye alibakiwa na herufi nne. Alizitazama kwa muda mrefu, macho mazito, hadi Javan akamuuliza kama amelala. Ndipo akazipanga moja moja mpaka zikaifikia R iliyokuwa ubaoni. OXTER. Neno lilikanyaga kisanduku chekundu, kile cha kuzidisha mara tatu.

"Maana?" Javan aliuliza.

Apondi aliijua, lakini si kwa Kiingereza. Kila Mwalimu alipomfafanulia neno, yeye aliliandika daftarini kwa Kiswahili kitupu, kwa kuwa Kiingereza kilikataa kuingia akiwa amechoka. Sasa alikitafuta na hakukipata. Akainua mkono, akajigusa chini ya bega.

"Ni kwapa."

Watu walicheka. Wamucii, mwandika alama, alimsihi aushushe mkono huo, maji ya mtaa yamekatwa tangu Jumatano na watu hawajaoga. Javan hakucheka. Alisema mchezo ni wa Kiingereza, kamusi ni ya Kiingereza, kwa hiyo maana nayo itolewe kwa Kiingereza. Apondi akaanza kuziokota herufi zake. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Ziache hapo," Sifuna alisema, kisha akamgeukia Javan. "Sheria inasema akueleze wewe. Umeelewa ni nini, ama hukuelewa?"

Javan aliuinamia ubao. Angeweza kusema hakuelewa, na safari ingekuwa yake.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema hatimaye.

Wamucii akaandika alama thelathini na sita, na safari ikawa ya Apondi. Sifuna akaeleza kwamba gari litaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba asiyefika ataachwa. Wengine walikuja kumpa Apondi mkono. Aliupokea kila mmoja akiwa ameketi.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ya chini, "kwa gari mtu anaruhusiwa kulala?"

"Lala mpaka Kitale," Sifuna akamjibu.