Wafanyakazi Kumi wa Mama Fagio

Katika nchi mbili zilizopakana hapakuwa na fundi wa mafagio kama Mama Fagio. Haya, walikuwepo watatu, mmoja wao wifi yake, tena mafagio ya wifi yalifagia vizuri zaidi.

Kilichomtesa ni mpaka. Hoteli kubwa ya ng'ambo ilitaka mafagio mia tano kila mwezi, lakini pale forodhani kila ufagio ulifunguliwa, ukagongwa mpini, ukanuswa. Mzigo ukalala wiki tatu. Hoteli ikatuma salamu: ukichelewa tena, tunanunua kwingine.

Ndipo serikali mbili zikakaa, zikapatana. Karakana yenye wafanyakazi kumi itapewa nembo moja ya pande zote mbili, na mzigo wake utapita bila kufunguliwa, ili mafundi wa huku na huko waweze kushindana na wakubwa wa dunia.

Mama Fagio alikuwa na watu wanne, pamoja na yeye mwenyewe. Wifi yake wa ng'ambo, ambaye naye mzigo wake ulikwama vilevile, alikuwa na sita.

"Wifi, nne na sita ni ngapi?" Mama Fagio akamuuliza.

"Kumi. Hata wewe uliyetoroka shule unajua."

"Basi Jumatatu ukikaguliwa wewe, sote kumi tuwe kwako; Jumanne nikikaguliwa mimi, sote kwangu. Kila serikali itakagua watu wake. Lini umeona serikali mbili zikielewana?"

Jumatatu mambo yakaenda kama maji kwenye mteremko. Jumanne gari likasimama mlangoni kwa Mama Fagio, akashuka mkaguzi wa huku. Nyuma yake akashuka bibi mkaguzi wa ng'ambo, yule yule aliyewahesabu jana! Safari hii serikali zimeshirikiana kweli.

"Vumbi hilo! Fungeni pua!" akafoka Mama Fagio.

Wote wakajifunga vitambaa. Wifi akajifunga mpaka likabaki jicho moja. Kasheshe ilikuwa Kasuku, msuka kamba wa wifi, mzee ambaye hata usingizini huongea.

"Huyu ni bubu," Mama Fagio akawahi. "Tangu kuzaliwa, maskini."

Kasuku akaitikia kwa kichwa, mashavu yamevimba kwa maneno.

Wakahesabu. Kumi. Mkaguzi wa huku akafungua mkoba, akatoa nembo. Bibi mkaguzi akavuta kigoda alichokuja nacho Kasuku, akae aweke sahihi.

"Mheshimiwa, usikae hapo!" Kasuku akaruka. "Kina mguu mbovu! Unataka uanguke tena kama jana?"

Bibi mkaguzi akajishika kiuno, bado kilikuwa kinauma.

"Mama," akasema mkaguzi wa huku, nembo ikirudi mkobani taratibu, "huyu si bubu tangu kuzaliwa?"

Mama Fagio akanyanyua ufagio juu.

"Mmeona wenyewe mafagio yangu, wanangu! Yanaponya hata bubu!"

"Ahaa," akasema bibi mkaguzi, akilinyooshea kidole lile jicho moja nyuma ya mipini. "Na yule mwenye karakana ya jana, naye amekuja kutibiwa?"