Bi Bahati na Mzee Nasibu Wachezesha Droo

Jana mchana nilikula makande, nikajilaza mkekani, na ndoto ikanikuta kabla sijavua saa.

Mimi ni kocha wa Nyuki, timu ya kikapu ya wanawake hapa Tabora. Msimu huu tumecheza mechi kumi na nne, tumefungwa kumi na nne. Tukishika mkia tena, timu inavunjwa. Tumaini letu ni droo ya Jumamosi: atakayeshinda atakuwa wa kwanza kuchagua mchezaji mpya, na kila timu inamtaka Nyamizi, binti wa futi sita na inchi nne. Kanuni inasema timu dhaifu ipewe nafasi kubwa.

Ndotoni tukapewa kweli. Ukumbi mzima, viti mia mbili, nimo mimi na nahodha wangu, Sikudhani. Mabingwa wamepewa kabati. Kocha wao, Mwakalinga, amejinyoosha mlangoni kwetu.

"Unafanya nini hapo?"

"Nalalia bahati yako," anajibu. "Mmeacha mlango wazi."

Mbele wamekaa mtu na mkewe, Mzee Nasibu na Bi Bahati. Wamechezesha droo pamoja miaka thelathini, na hawasemeshani.

"Mwanangu, mwambie huyo mzee akoroge."

"Shikamoo, mzee. Mama anasema ukoroge."

Anakoroga sufuria ya vipira kwa mwiko. Vipira vinalalamika kizunguzungu. Kimoja kinachupa, kinatua mbele yangu. Namba tisa: ndiyo sisi.

"Tabora siendi," kinasema. "Nyie mmefungwa mpaka na timu iliyochelewa kufika."

"Ni kweli," nakiri. "Walifika robo ya mwisho."

Bi Bahati anapekua kanuni. "Nyamizi akiingia, mmoja atoke. Mtoe huyo mfupi."

Sikudhani ameichezea Nyuki miaka saba. Anainama, anaanza kufungua kamba za viatu.

"Sikudhani haondoki. Nitatoka mimi."

"Wewe hufungi hata kikapu kimoja," kipira kinanikumbusha.

"Hata wao hawafungi."

Kisha Mzee Nasibu anaangua kicheko, na mkewe naye. Wanatazamana.

"Wape tu, mke wangu," anasema mzee.

"Nilikuwa nasubiri useme," anajibu Bi Bahati.

Kipira kinashusha pumzi. "Haya. Ila nimechoka kukorogwa. Nipe shavu nilale."

Nikakipa shavu.

Hodi ikaniamsha. Alikuwa Sikudhani, amekuja kuchukua mipira ya mazoezi. Akanikodolea macho.

"Kocha, shavuni umeandikwa nini? Kama tisa iliyogeuka."

Nikaenda kwenye kioo. Humo ilisomeka sawasawa, kwa wino mweusi: tisa.

Tangu jana sijanawa uso. Leo asubuhi Sikudhani ameniletea mfuko wa plastiki, nijifunike nikienda kuoga.