Mkanda wa Manjano

Katika karakana ya makumbusho ya ndege walimwita Milimita, naye hakuona sababu ya kununa. Yapo majina mabaya zaidi. Alikuwa mkuu wa kitengo cha rangi, mwanamke aliyesomea kemia akaishia kupenda ndege kuukuu kuliko maabara mpya. Kanuni iliyobandikwa juu ya mlango wa chumba cha rangi aliiandika yeye mwenyewe: HAKUNA ALAMA BILA USHAHIDI. Nambari, nembo, hata onyo dogo la kumkataza fundi asikanyage bawa, vyote vilipakwa pale tu ilipothibitika kwamba vilikuwepo, mahali gani, kwa ukubwa gani na kwa rangi ipi. Kumbukumbu ya mtu haikuhesabiwa. Watu husahau, alisema, kisha hujaza mapengo kwa mambo ambayo baadaye huyaamini wenyewe.

Ndiyo maana baba yake mdogo alipoingia karakanani kofia mkononi, Milimita alijua mazungumzo yatakuwa na miiba.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mkanda umeshaupaka?"

"Bado."

"Utaupaka rangi gani?"

"Nyeusi."

Mzee aliigeukia ndege. Ilikuwa ndege ndogo ya kivita, ya injini moja na kiti kimoja, na katika vita alivyopigana akiwa kijana yeye ndiye aliyekuwa fundi wake. Wakati ule, karibu na mkia, mkanda mpana wa rangi ulizunguka kiwiliwili chake. Mzee alishikilia kwamba ulikuwa wa manjano na kwamba aliupaka kwa mkono wake, asubuhi moja mbiombio, kwa amri, baada ya wapiga mizinga wa upande wao kuitungua ndege ya wenzao wakidhani ni ya adui. Lakini picha pekee ya ndege ile wakati wa vita, ya enzi za nyeusi na nyeupe, ilionyesha mkanda mweusi tii. Kwenye chama cha askari wastaafu wakambandika jina: Bwana Manjano. Mwanzoni ulikuwa utani tu. Utani ukikaa miaka mingi huota meno. Katika mkutano wake wa mwisho mtu alimuuliza mbele za watu kama kweli aliwahi kuigusa ndege ile, au alikuwa akibeba madebe ya mafuta tu. Alivaa kofia yake akaondoka, na hakurudi tena.

"Hata wewe," alisema sasa.

"Nina picha moja, na picha inasema nyeusi. Kwako nina neno lako tu."

"Neno la mtu aliyekubeba mgongoni."

"Ungenibeba hata kama mkanda ungekuwa wa zambarau."

Mzee alitikisa kichwa kukubali kwamba hapo amepatikana. "Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sijasema hivyo. Nimesema sina ushahidi."

Na kweli hakuwa nao. Kabla ndege haijafika mikononi mwake, watu wa kujitolea waliipaka dawa ya kuyeyusha rangi kuanzia puani hadi mkiani, kwa nia njema na ujinga mkubwa, wakaiacha bati tupu inayong'aa kama sufuria. Rangi yoyote ambayo ingesema chochote ilikwenda na maji.

Mzee alizunguka ndege polepole, akigusa hapa na pale kama mtu anayemkagua mgonjwa wake wa zamani. Mbele, alitoa leso akafuta vumbi kwenye ncha ya propela.

"Hii hamkuimenya."

"Propela ilikuwa imehifadhiwa kando. Hiyo ni rangi yake ya kiwandani."

Mapanga yake yalikuwa meusi, na ncha zote zimepakwa manjano.

"Ilipozunguka, tuliona duara la manjano," alisema mzee. "Lilituambia tusiingize vichwa." Akakunja leso, akaaga, akaondoka.

Milimita alibaki amesimama pale. Kisha akaenda ukutani, ilipobandikwa ile picha ikiwa imekuzwa kufikia upana wa meza, na kwa mara ya kwanza hakuutazama mkanda. Aliitazama propela. Ilikuwa nyeusi kutoka kitovuni hadi mwisho. Hakuna ncha za manjano.

Hakurukia jibu. Huenda ncha zilipakwa baadaye. Alikwangua kipande kidogo kwa kisu cha daktari, akakiweka chini ya hadubini, akaona manjano imelala moja kwa moja juu ya rangi ya msingi ya kiwandani, bila kitu katikati. Basi siku ya picha ncha zilikuwa za manjano, na picha ilizionyesha nyeusi. Zilikuwepo filamu za zamani ambazo kwazo nyekundu na manjano hutoka giza. Jambo hilo alilisoma chuoni akalifaulu kwenye mtihani. Shahidi aliyemwamini kwa miezi yote hiyo alikuwa haoni rangi vizuri, na yeye, Milimita, ndiye aliyempa kiti cha mbele.

Mwenyekiti wa makumbusho alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha askari wastaafu. Alikuwa rubani aliyejiunga na kikosi baada ya vita, na ndiye aliyelibuni jina la Bwana Manjano. Picha ileile ilining'inia nyuma ya kiti chake, ndani ya fremu ya dhahabu. Milimita alimwekea mezani picha nyingine, ya ubao wenye michirizi miwili, aliyoipiga kwa filamu ya aina ya zamani ambayo wapenzi wa picha bado huiagiza.

"Mmoja ni mweusi, mwingine ni wa manjano," alisema. "Nionyeshe wa manjano."

Mwenyekiti aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Akagusa wa kushoto. Milimita aliuinua ubao wenyewe kutoka chini ya meza. Manjano ilikuwa kulia, imekolea kama kiini cha yai.

"Umenitega, binti."

"Filamu ndiyo iliyokutega. Na mimi imenitega."

"Sawa. Lakini hii haisemi kwamba mkanda ulikuwa wa manjano."

"Haisemi. Inasema tu kwamba picha yako haijui. Ndiyo maana naomba ruhusa ya kutoa kiraka."

Ubavuni kushoto, karibu na mkia, palikuwa na kipande cha bati kilichopigwa misumari ya ribiti juu ya tundu la risasi. Kwenye picha hakikuwepo. Kiliwekwa baadaye, na kwa bahati kilikaa juu ya ukingo wa mkanda. Dawa ya kuyeyusha rangi ilipita juu yake. Chini yake huenda haikufika.

"Kiraka hicho nacho ni historia," alisema mwenyekiti. "Ukikata ribiti za zamani, hazirudi."

"Hazirudi. Nitakipiga picha kila upande kwanza, na ribiti nitaziweka kabatini moja moja."

"Na ukikuta nyeusi?"

"Nitapaka nyeusi, na nitamwambia baba yangu mdogo kwa mdomo wangu."

"Basi nami nitakuja," alisema mwenyekiti. "Mwite."

Mzee alikuja amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Alipewa kigoda karibu na mkia. Fundi bati, mtu mnene aliyekuwa na mzaha kwa kila kitu, siku hiyo alifanya kazi kimya. Alitoboa vichwa vya ribiti kwa drili, kimoja baada ya kingine, akapenyeza bapa jembamba, na kiraka kikaachia kwa mlio mdogo. Chini yake palikuwa na uchafu mweusi wa mafuta yaliyoganda.

"Nyeusi," alinong'ona fundi bati.

"Huo ni uchafu," alisema Milimita. "Asiguse mtu."

Alilowesha pamba kwa tina hafifu ya kusafishia, akaanza kufuta kutoka upande wa mbele. Ikatokea rangi ya kijivu ya kiwiliwili. Akabadilisha pamba, akasogea nyuma. Kijivu kikaisha. Mahali kilipoishia, chini ya pamba iliyochafuka, ikachomoza manjano, safi, kana kwamba brashi imeondoka pale asubuhi hiyo.

Mzee aliweka viganja vyake magotini, akainama kutazama. Mwenyekiti alisogea karibu mno hata pumzi yake ikaacha ukungu kwenye bati.

"Bwana Manjano," alianza, kisha akajishika. "Niwie radhi, kaka. Mdomo umezoea."

"Endelea tu," alisema mzee. "Sasa ni cheo."

Fundi bati alicheka mpaka akalazimika kuweka drili chini. Mwenyekiti naye alicheka, akamshika mzee mkono, na hakuuachia haraka.

Milimita hakuwa amemaliza. Alikuwa ameinamia ukingo kwa lenzi.

"Baba mdogo, uliniambia ulinyoosha kwa kamba."

"Kama rula."

"Umepinda. Unapanda, kisha unashuka. Na hapa kuna unywele wa brashi."

"Haiwezekani."

Alimpa lenzi. Mzee aliufuata ukingo kwa lenzi. "Ilikuwa brashi ya chokaa," alisema hatimaye. "Na tulikuwa na haraka. Utaninyooshea kidogo?"

"Hapana."

Milimita alirudi kwenye ile picha. Haikujua rangi, lakini umbo ililijua barabara. Lile wimbi la ukingo, ambalo wote walilidhani ni kivuli, lilikuwa pale, na lilikutana sawasawa na kipande kilichotoka chini ya kiraka. Alilinakili, akalipaka ubavuni kushoto lilivyo, pamoja na pale lilipochuruzika.

Ubavu wa kulia haukuwa na picha wala kiraka. Milimita alikaa mbele yake siku nzima. Mwishowe alimpigia mzee simu, na alipofika akamkabidhi brashi pana ya chokaa na kopo la manjano.

"Umbo la upande huu silijui," alisema. "Ninachojua ni mkono uliolipaka. Kwenye kibao cha maelezo nitaandika hivyohivyo."

Mzee alivua koti. Aliipima brashi mkononi, akalitazama lile bati refu la kijivu, akasafisha koo.

"Nipe mkanda wa karatasi, nizibie kingo."

"Wakati ule mlikuwa nao?"

"Tungeutoa wapi?"

"Basi."

Akachovya, akaanza.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa, na askari wastaafu walikaa safu ya mbele na kofia zao. Turubai lilipovutwa, jua likapiga mkiani, na mkanda ukaonekana kutoka langoni. Makofi yalipotulia, mmoja wa wastaafu aliinuka, akauzunguka mkia, akarudi akikunja uso.

"Kazi nzuri," alimwambia mzee. "Ila hawa vijana wa siku hizi, mbona wameupinda hivi?"

Mzee alivua kofia yake, akaishika kifuani.

"Nimeupinda mimi," alisema. "Mara mbili."