Viatu vya Mume wa Bi Zulaika

Viatu vya mwanamume vikiwa mlangoni, huingii. Salme alilijua hilo kabla hajajua kusoma alifu. Unatumwa na sahani ya vitumbua kwa jirani, unafika, unatazama chini kwanza. Ukiviona viatu, hupigi hodi, unageuka na sahani yako, kwa sababu nyumba ina mwenyewe na mwenyewe yumo. Mababu zao walikuja Uganda na misafara ya biashara kutoka pwani, wakazaa na wakazikwa hukuhuku, na mengi ya kwao yakapotea. Adabu hiyo haikupotea. Pale Kisenyi, katikati ya magereji na maduka ya jumla, na makanika wakigonga vyuma tangu asubuhi, watu wa ua ule waliishika kama walivyoshika sala.

Na ua wenyewe, jamani, ulikuwa na watu wake. Vita vya themanini na sita vilipokwisha kila mmoja alitoka humo na kichaa chake kidogo, na hakuna aliyemcheka mwenzake, maana nyani haoni kundule. Loice wa chumba cha langoni aliuosha mlango wake kwa sabuni kila alfajiri kwa sababu askari waliwahi kuuegemea. Wangila, Mkenya wa Bungoma aliyekuja baadaye kutafuta riziki ya kuziba rejeta za magari, alikula amesimama, sahani mkononi. Alisema mtu akikaa kula ugenini, ugeni unamzoea. Lakini hao wote walikuwa cha mtoto mbele ya Bi Zulaika.

Bi Zulaika alikuwa na mume asiyekuwapo. Mumewe, Zaid, alipakia lori la sabuni na chumvi kwenda Arua, kule mpakani, wakati vita vinakaribia mji, na vita vikaifunga barabara nyuma yake. Katika waliokwama huko, wengine walirudi, wengine zilirudi habari zao tu. Zaid hakurudi yeye wala habari yake. Basi Bi Zulaika alifanya nini? Kila siku adhuhuri alivitoa viatu vya mumewe, akavifuta, akavipaka rangi, akaviweka mlangoni, ncha zikitazama ndani, kama vya mtu aliyeingia sasa hivi kula chakula cha mchana.

Mwanzoni watu waliguna. Maskini, walisema, akili imemruka. Kisha taratibu wakaanza kuvipita kwa heshima. Bi Sundus, mamake Salme, ndiye aliyetangulia: alikwenda kuazima kinu, akaviona viatu, akarudi mikono mitupu. "Viatu ni viatu," alisema alipoulizwa. Wanaume nao wakawa wanakohoa kabla ya kupita pale. Hakuna aliyekaa kikao akapanga. Ua mzima uliingia katika uongo ule mguu mmoja mmoja, na ukishaingia hutoki, kwani utatokaje bila kumvunja moyo mwenye uchungu wake?

Salme alimpenda Bi Zulaika kuliko shangazi zake wa damu. Adhuhuri akitoka chuoni alikaa naye kizingitini, wakavisugua viatu pamoja, Bi Zulaika akiimba chini kwa chini. "Taratibu, mwanangu. Baba yako Zaid hapendi rangi ya kubandika." Salme hakuikumbuka hata sura ya huyo Baba Zaid; alipoondoka, yeye alikuwa bado kwenye titi. Lakini alimpenda, kwa jinsi mtoto anavyompenda mtu anayetajwa kwa wema kila siku.

Mwaka wa tatu wezi walivibeba vile viatu. Wezi wa Kisenyi hawana habari na huzuni ya mtu. Bi Zulaika hakulia. Alijitanda buibui lake, akaenda Owino kwenye mitumba, akarudi na pea nyingine, ya kahawia, ncha ndefu, kubwa kupita ile ya kwanza.

"Hivi si vitampwaya, dada?" Bi Sundus alimuuliza kwa upole.

"Atakuwa amenenepa," akajibu, na yakaishia hapo.

Mtu mmoja tu alikataa kuingia katika mchezo ule, naye ni Tajudin, mdogo wake Zaid, muuza vipuri. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuja mara kwa mara na sukari na unga, akasimama mbele ya viatu vile, na uso ukamharibika.

"Shemeji, kaa eda. Nakuomba. Kaa eda tumsomee ndugu yangu hitima, apumzike, na sisi tupumzike. Mashekhe wamesema muda umepita."

"Eda ya nani?"

"Ya marehemu."

"Hapa hapana marehemu, Tajudin. Hapa pana mtu amelala. Punguza sauti."

Tajudin aliondoka akijifuta macho, na Salme alimwomba Mungu asirudi tena. Maana Bi Zulaika mwenyewe alishalisema waziwazi kwa Bi Sundus, huku wakichambua mchele: siku atakayokaa eda ndiyo siku atakayomzika mumewe, na yeye hamziki mtu aliye hai. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani, kule kungoja kwake, na shemeji yake alitaka kumpokonya kwa jina la dini.

Sasa Wangila. Wiki yake ya kwanza pale uani, kiberiti kilimwishia, akaenda kugonga kwa Bi Zulaika, viatu viko palepale miguuni pake. Bi Sundus alimtolea uvivu. "Wewe huna macho? Viatu vya mwenye nyumba huvioni? Kwenu Bungoma mtu anagonga tu mlango wa mtu aliyelala na mkewe?" Mkenya wa watu akaomba radhi mlango kwa mlango. Na hakuna aliyemwita pembeni akamweleza mambo yalivyo. Wangeanzia wapi? Wakamwacha aamini, naye akaamini kabisa. Akaona kwa kuwa mume huyo haonekani mchana, basi ni askari wa lindo la usiku, na mara nyingine akipita na karai lake alinong'ona mlangoni, "Pole na kazi, mzee." Salme na watoto wenzake walijiziba midomo kwa vicheko.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa tisini na moja. Wanaume walikuwa wamekwenda kuswali, Bi Sundus na Bi Zulaika wamepanda kilima cha Kibuli kumwona jirani aliyejifungua hospitalini. Viatu Bi Zulaika aliviacha nje kama kawaida. Salme alikuwa na homa, amelazwa mkekani chini ya kivuli cha mabati, na Wangila, ambaye gereji yao haikuwa na kazi siku hiyo, aliziba karai huku akimwangalia.

Akaingia mtu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota mvi, kanzu imefubaa, mguu mmoja anauvuta. Alisimama katikati ya ua akatazama huku na huku, kisha akatabasamu peke yake na kwenda moja kwa moja hadi mlango wa Bi Zulaika. Mkono ukainuka, mdomo ukafunguka kupiga hodi. Halafu akatazama chini.

Aliushusha mkono.

"Bwana," alimwambia Wangila bila kugeuka, "hapa si kwa Zulaika?"

"Ndiyo hapa, mzee."

"Na hivi viatu?"

"Vya mwenye nyumba. Mume wake. Amelala, unajua anafanya kazi ya usiku." Wangila alishusha sauti, kama alivyofundishwa. "Hapa kwetu, mzee, viatu vikiwa mlangoni hatugongi."

"Najua," yule mtu akasema.

Wangila alimwona hana haraka ya kuondoka, akaendelea kuziba karai lake. Mtu yule akauliza tena, taratibu, "Ni mume mwema?"

Na Wangila, mwenye roho yake safi, alitaka kumsifu jirani. "Mwema sana. Tangu nihamie hapa sijasikia amempigia mama kelele. Na mama anampenda! Viatu vyake anavipaka rangi huku anaimba."

"Alhamdulillahi," mtu akasema. Kiatu kimoja kilikuwa kimelala ubavu. Aliinama kwa tabu, akakisimamisha kando ya mwenzake, akatoka langoni. Salme, kwa homa yake, alidhani ni maskini wa Ijumaa aliyekosa sadaka, akamwonea huruma, akasinzia. Wangila naye hakulitaja jambo lile. Ijumaa hupita maskini wengi, nani anayewatolea taarifa?

Jumanne ndipo alipokuja shekhe mmoja kutoka Kibuli, mtu asiyejuana na yeyote pale, pamoja na wanaume wawili. Walikuwa wameitafuta nyumba kwa kuulizia. Walipoviona viatu hawakugonga. Walisimama mbali wakasema wanamtaka mume wa Bi Zulaika.

Bi Sundus akamwita Bi Zulaika. Bi Zulaika akatoka mwenyewe, mtandio kichwani, akawaambia wamweleze yeye.

Shekhe alisema Ijumaa baada ya sala alijiwa na mtu, jina lake Zaid. Alifungwa ng'ambo ya mpaka, akatoka kifungoni akaugua, na alipopata nguvu akarudi, pengine kwa lori, zaidi kwa miguu. "Amesema amekukuta umeolewa na mtu mwema. Hakulaumu, dada. Anasema miaka ni mingi na wewe ni binadamu. Kwa ndugu yake hakutaka kwenda, alidhani huyo ndiye aliyekuozesha. Ametoa talaka moja mbele yetu, hawa ndio mashahidi, usije ukaishi katika haramu kwa ajili yake. Nyumba amekuachia. Kisha akapanda lori akarudi alikotoka."

"Mume wangu yupi aliyemwona?" Bi Zulaika akauliza.

Shekhe akateremsha macho kwenye viatu. Ua mzima ukateremsha macho.

Karai lilimponyoka Wangila. "Mama," akasema, "ni mimi. Ni mimi nilimwambia amelala."

Hakuna aliyemkaripia. Nani angemkaripia, na ni wao waliomfunza? Bi Sundus aliketi chini vumbini bila mkeka, na Salme akaogopa, kwa sababu hakuwahi kumwona mamake akifanya hivyo.

Bi Zulaika alimgeukia Wangila. "Mlimpa maji?"

"Hapana, mama."

"Ametoka kote huko," akasema, "na hamkumpa hata maji." Hakusema kwa ukali. Ndipo Wangila alipolia kama mtoto, mtu mzima yule, mikono yake myeusi kwa moshi wa gereji imefunika uso.

Lakini shekhe, alipoelewa kilichotokea, alikuwa na neno jingine. Talaka ni moja. Zaid akirudi kabla eda ya talaka haijesha, hapahitajiki mahari wala ndoa mpya. Aseme tu nimemrejea mke wangu, basi. Na kwa kuwa Bi Zulaika alikuwa ameshakatika damu ya mwezi, eda yake ni miezi mitatu ya mwandamo. Yule mwanamke aliyekataa eda miaka yote ile aliingia ndani kuikaa saa ileile.

Tajudin alipoambiwa ndugu yake yu hai alicheka, akalia, akafunga duka. Alikwenda Arua kumtafuta, na Wangila akafuatana naye bila kuombwa. Uani viatu havikuonekana tena. Mlango wa Bi Zulaika uliachwa wazi kutwa, na kizingiti kitupu. Eda ya talaka moja haimkatazi mwanamke kujipamba, maana mumewe bado ana haki ya kumrejea. Basi kila asubuhi Bi Zulaika alioga, akajifukiza udi, akapaka wanja, akakaa kwenye mkeka akitazama mlango. Salme alimletea chai, naye akamuuliza jambo lilelile, kama madereva wa Arua wameshafika kituo cha malori.

Mwezi wa kwanza ilikuja habari kwamba Zaid ameonekana sokoni ng'ambo ya mpaka, na ua mzima ukachangamka. Bi Sundus hata akapika pilau. Mwezi wa pili ikaja kwamba aliyeonekana alikuwa Zaid mwingine. Mwezi wa tatu Tajudin na Wangila wakarudi wenyewe, vumbi hadi kwenye kope. "Kila tulipofika," Tajudin alisema, "tuliambiwa ameondoka." Bi Zulaika aliwashukuru wote wawili, akaagiza wapewe chakula.

Siku chache baadaye mwezi ukaandama. Asubuhi yake ilimpasa mwanamke mmoja aingie kumwambia, kwa kuwa sheria ni sheria, na wanawake wakasukumiana hadi ikamwangukia Bi Sundus. Salme alimfuata, ameshika ncha ya kanga yake. Walimkuta Bi Zulaika mkekani, wanja limetulia machoni, udi bado unanukia.

"Dada," Bi Sundus akasema, "mwezi umeandama. Eda imekwisha."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu, dada yangu."

"Hesabu tena, Sundus."

Bi Sundus akaketi kando yake, akanyoosha vidole, akahesabu tena mwezi baada ya mwezi, polepole kadiri alivyoweza.