Tarehe ya Mama Mkononi

Fundi wa mawe ya makaburi alikuwa anafuta vumbi kwenye jiwe la marehemu mkewe, bintiye akaingia karakana, mkono umezungushiwa nailoni.

"Umeungua?"

"Hapana, baba. Ni tatuu."

Akaifungua. Ngozi ilikuwa imevimba, na juu yake jina la mama yake na tarehe aliyofariki. Fundi akasonya msonyo uliomaliza pumzi.

"Ndiyo akili za vijana wa leo! Ng'ombe hupigwa chapa kwa kukamatwa na wanaume wanne. Ninyi mnapanga foleni."

"Na wewe si unachonga majina kutwa nzima?"

"Jiwe haliendi kuomba kazi wala kutafuta mchumba." Akauvuta mkono kwenye mwanga, akacheka kwa dharau. "Na bado mmekosea. Kumi na tatu! Mama yako kafa tarehe kumi na nne. Umejichafua maisha mazima, tena kwa uongo."

"Sijakosea, baba."

Fundi alikuwa na kanuni moja: karatasi kwanza, patasi baadaye. Hata mteja alie machozi ya damu, bila cheti hachongi. Kwa mkewe tu aliona ni matusi kudai karatasi. Nani amfundishe siku ambayo mkono ule ulipoa ndani ya mkono wake? Alichonga kwa kichwa, na kesho asubuhi ndugu wanakuja kulisimika jiwe.

"Mimi sisomi ngozi. Lete cheti."

Binti akakitoa mkobani. Ndicho alichompa mchoraji anakili. Tarehe kumi na tatu, saa tano na dakika arobaini usiku.

Fundi akakisoma mara mbili. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Usiku wa kuamkia kumi na nne," na hiyo kumi na nne ndiyo iliyomganda kichwani.

"Jiwe nalisaga uso, naanza upya," akasema, sauti imeshuka. "Wewe ungekosea, ungejisaga?"

"Ningekaa nayo hivyo hivyo."

"Upuuzi. Ukizeeka hiyo tatu itajikunja iwe nane, wajukuu wakucheke."

"Wakicheka, nitawaambia alikuwa nani."

Fundi alilimwagia jiwe maji, akashika mashine ya kusagia, halafu akageuka.

"Funika huo uchafu wako," akafoka, "usije ukaingia vumbi."

Akawasha mashine.