Fungu la Maziko

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Basi Wayahudi wachache waliobaki kando ya mto Monongahela, huko Marekani, baada ya kiwanda cha chuma kufungwa waliziba kila ufa wa sinagogi lao kwa miaka arobaini. Waliziba kwa saruji, kwa lami, kwa turubai. Ukuta ukainama nje vilevile, paa likawa linamwaga mvua juu ya viti, na manispaa ikabandika karatasi mlangoni: tengenezeni kabla ya Pasaka, ama mfunge.

Aliyejitwika kazi hiyo ni Bernice Shulkin, mjane mwembamba kama ufito, mwenye mdomo wa wembe. Aliuza supu. Aliuza majina: toa kiasi hiki, jina la mama yako litachorwa kwenye dirisha, toa pungufu, litachorwa kwenye tofali. Aliwaandikia wote waliohamia Florida.

"Wamejibu?" aliuliza rafiki yake Lenore Pivnick, wakimenya karoti za supu.

"Watatu. Mmoja kaniletea picha ya bwawa lake la kuogelea."

"Huko jua tupu. Mvua wataikumbukia wapi?"

"Cheka tu, Mama Sanda."

"Nacheka nisije nikalia, Mama Paa."

Lenore aliitwa hivyo kwa haki. Ndiye aliyewaongoza wanawake wa chama cha maziko, wale wanaowaosha wenzao waliokufa na kuwavika sanda. Ndiye pia aliyeshika fungu la chama, pesa zilizowekwa tangu enzi za mababu ili asiye na kitu azikwe sawasawa na mwenye nacho: jeneza lilelile la mbao za msonobari, sanda ileile ya kitani isiyo na mfuko. Aliyezikwa kwa fungu hilo hatajwi. Hata wanawe hawaambiwi. Lenore alikuwa mtu mzima mwenye watoto siku bibi aliyemkabidhi fungu alipomnong'oneza kuwa baba yake Lenore mwenyewe, fundi wa tanuri aliyekufa na madeni, alizikwa nalo.

Majira ya baridi shirika moja la kuhifadhi majengo likaahidi kulipa nusu ya gharama, mradi sinagogi lenyewe liweke nusu nyingine kabla ya mwisho wa Februari. Bernice akajumlisha kila alichokusanya. Kilichopungua kilikuwa karibu sawa na fungu la maziko. Akaitisha mkutano.

Walikaa ukumbi wa chini na makoti yao mwilini. Rabi, aliyekuja kutoka Pittsburgh kila Sabato ya pili, aliulizwa kwanza.

"Walioshika fungu wakikubali, linaweza kutumika," alisema. "Wasipokubali, mimi siligusi."

Macho yote yakamgeukia Lenore.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?" Bernice aliuliza.

"Sitaki."

"Haya, tuambie. Nani maskini hapa? Taja mmoja tu atakayekosa jeneza."

"Sitaji."

"Kwa sababu hayupo."

"Kwa sababu hatajwi, Bernice. Unajua."

"Tutalirudisha. Miaka miwili, mitatu."

"Shoga, humu ndani tunakufa upesi kuliko tunavyolipa."

Mzee mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Bernice hakucheka. Aliinuka akishika kiti.

"Mimi niliolewa chini ya paa hili. Mume wangu nilimlilia hapa. Nyumba ya Mungu inaanguka mbele ya macho yako, na wewe umekalia pesa kama kuku anayeatamia mawe."

"Mwaka juzi kuna mtu alikufa peke yake kwenye chumba cha kupanga," Lenore alisema polepole. "Asingekuwa na wa kumzika, wilaya ingemchoma moto na kumtia kwenye kopo. Sisi tulimzika. Umekaa naye benchi moja, Bernice, umempa peremende. Humjui, na hutamjua."

"Kwa hiyo maiti mmoja kawashinda walio hai wote."

"Aliye hai anaweza kusali jikoni kwangu. Maiti ataenda wapi?"

Kura hazikupigwa. Zingepigwa, Lenore angekuwa peke yake, na kila mtu alilijua hilo.

Februari ikaisha, shirika likapeleka ahadi yake kwa kanisa la mji mwingine. Jukwaa la chuma la mafundi, lililokuwa limeshaanza kusimamishwa ukutani, likafunguliwa, vyuma vikapakiwa kwenye lori. Wiki moja kabla ya Pasaka hati za Torati zilitolewa ndani zikiwa zimekumbatiwa kama watoto, zikapelekwa kwa sinagogi kubwa la Pittsburgh. Bernice alizifuata kwa mkongojo wake mpaka kwenye gari. Alipita karibu na Lenore kiasi cha kugusana mabega, na asimtazame.

Lenore alimpigia simu siku ya sikukuu. Hakupokea. Akampelekea samaki wa kusaga, akawakuta jioni palepale kizingitini, paka wa jirani ameshawaonja.

Kiangazi hakijaisha, Bernice alikutwa jikoni kwake akiwa ameshakata roho. Mpwa wake pekee alimpigia Lenore simu kutoka Arizona.

"Shangazi hana kitu, mama," alisema. "Nyumba ni ya benki. Aliiweka rehani mwaka jana, sijui pesa alifanyia nini."

Lenore alijua. Mhandisi, michoro, lile jukwaa. Aliketi kwenye ngazi, simu sikioni.

"Nilifikiri achomwe tu," mpwa aliendelea. "Ni rahisi zaidi."

"Hapana, mwanangu. Kila kitu kipo. Wewe njoo."

"Nani analipa?"

"Njoo tu."

Walikuwa wanawake watatu tu kwenye chumba cha kuoshea. Dina, nesi aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikwangua uchafu wa kucha. Lenore aliosha uso, kisha mkono wa kulia, akifunika kila alipomaliza, kwa kuwa wafu nao wana haya. Maji ya utakaso yakamwagwa mfululizo bila kukatika. Wakamkausha, wakamvika kitani. Ilimlemea Lenore kuona jinsi alivyokuwa mwepesi.

Desturi ni kwamba mwisho maiti huombwa radhi kwa jina lake la Kiebrania. Lenore aliinama.

"Tova binti Yehuda, tusamehe kama mikono yetu ilikuwa baridi. Tusamehe kama tulikugeuza vibaya, kama tumekuvunjia heshima yoyote."

Machozi yalimdondoka shingoni, akajifuta kwa bega. Kama Lenore angekubali siku ile, huenda Bernice angekuwa amekaa leo chini ya paa lake, akitukana watu wa Florida. Au angekuwa amelala hapahapa, fungu limekwisha, na lori la wilaya linamsubiri nje. Hilo hakuweza kumwambia mtu hadi naye afukiwe.

"Na la paa, Mama Lenore," Dina alinong'ona. "Mwombe. Mji mzima unajua lilimuua. Hutapata saa nyingine."

Lenore alilaza kiganja juu ya kitani, pale kifuani, akakiacha hapo.

"Kwa mikono yangu nimemwomba," alisema. "Kwa paa siombi. Wala kwake, wala kwenu."