Chumba cha Vioo cha Anko Clifford

Anko Clifford, mume wa shangazi yangu Hazel, alichora ramani ya chumba cha vioo kwa maringo ya mtu aliyevumbua jua. Kuta vioo, paa kioo, uso wote umeelekea kusini, jua liliko mchana kutwa. Dirisha la kufunguka? Hata moja. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao unatokea jikoni.

"Hewa itapita wapi?" Shangazi akauliza.

"Mlangoni."

"Itoke jikoni na harufu ya samaki, ifike humo ikwame. Hongera, mhandisi."

Hakuwa anatania tu. Chumba kilitakiwa kukaa pale lilipo banda lake la mimea. Banda likivunjwa, milimau yake minne, aliyoiotesha kwa mbegu tangu binti zake wako shule ya msingi, ingehamia humo.

"Utaichemsha," akasema. "Joto linapanda juu. Fungua paa litoke, weka na upenyo chini hewa ya baridi iingie. Kazi imekwisha."

Anko akakataa, na sababu hakuitaja, ila mtaa mzima hapa Kettering, Uingereza, unaijua: Trevor, jirani yetu, ana madirisha ya paa. Anko yuko radhi kuiva kuliko kumwiga Trevor.

Jumamosi jua likawaka kweli, jambo ambalo kwetu watu hupigiana simu kuambiana. Shangazi akamfuata mumewe bustanini.

"Trevor katukaribisha chai kwenye chumba chake cha vioo. Nimemwomba afunge kila dirisha, kiwe kama hicho chako. Ukimaliza kikombe bila kuvua sweta wala kulalamika, jenga utakavyo. Banda nitalivunja mwenyewe."

"Kikombe kimoja?" Anko akacheka. "Waambie walete birika."

Tukaenda watatu. Humo ndani chokoleti ya keki ilikuwa imeshateremka kwenye sahani. Uso wa Anko ukawa wa pinki, ukawa mwekundu, kisha ukafika kwenye rangi ambayo sijaiona kwa mtu mzima wa afya.

"Mbona kimya, Anko?" nikamchokoza.

"Natazama mandhari."

"Mandhari gani? Miwani yako yote ukungu."

"Uko salama, jirani?" Trevor akauliza kwa upole wa kuudhi. "Nisije nikawa nimekukalisha vibaya."

"Salama kabisa. Pazuri hapa. Pana joto la... la kirafiki."

Jasho likamdondoka kidevuni, tii, ndani ya chai. Akainywa hivyo hivyo. Mtu angemwekea maji ya betri angekunywa, mradi Trevor anamtazama.

Mwishowe akakigonga kikombe mezani. "Nimemaliza!"

"Umeshinda," Shangazi akasema. "Kesho navunja banda." Halafu akageuza kiti. "Trevor, milimau yangu minne itaenea pale pembeni? Nitakuwa nakuja kuimwagilia. Mchana, na jioni pia kukiwa na jua."

"Itaenea tu, Hazel. Chai ipo siku zote."

Trevor akainuka, akazungusha mpini ukutani. Paa likafunuka, akasukuma na vidirisha vya chini. Vitambaa vya mezani vikatikisika. Sote tukashusha pumzi, isipokuwa Anko, aliyekuwa anaitazama ile pembe, kisha mkewe, kisha birika la Trevor.

"Hebu ngojeni kwanza," akasema. Akatoa simu, ikamteleza mkononi mara mbili kwa jasho, akampigia fundi. "Fundi, ile ramani. Weka madirisha ya paa. Mawili." Akatupa jicho juu, akahesabu ya Trevor: matatu. "Hapana. Manne."

"Na chini?" Shangazi akauliza. Hakuwa ameinuka kitini.

"Na chini, fundi."

"Yanayofunguka."

Anko akasogeza simu mdomoni. "Yanayofunguka."

Shangazi akajikatia keki.